Kwa mama wa kitanda cha dirishani

Jina lako sikuliuliza, mama yangu. Wewe uliyejifunga kitenge cha kijani, usiku wa kuamkia upasuaji wangu wa kupunguza mfuko wa tumbo. Nilikuwa na kilo 138, na wiki mbili nzima nimeishi kwa supu na maziwa, lakini si njaa iliyonitesa, ni hofu. Nilishakunja nguo nirudi nyumbani.

Hukuniambia "usiogope", neno lililokwisha kunichosha. Ulikaa pembeni yangu ukaniuliza naogopa nini hasa. Nikasema nusu kaputi, nisije nikalala moja kwa moja. Ukanionyesha vijikovu vitano tumboni mwako, kila kimoja kama punje ya hindi; wewe ulishapita huko, safari hii mawe ya nyongo ndiyo yaliyokurudisha. Ukasema nimwulize daktari wa usingizi kila kitu, hata cha kipuuzi. Nikaandika maswali tisa nyuma ya risiti ya dawa. Asubuhi akanijibu yote, bila haraka.

Jioni, waliponiinua nitembee ili damu isigande miguuni, nilikuta kitanda chako kimetandikwa upya. Umesharuhusiwa. Kanga uliyonifunika ninayo bado, nimeifua na kuikunja. Asante sana, mama.