Barua ya wazi kwa tajiri wangu: iwashe ile seva

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam aleikum tajiri. Natumai safari ya Dubai ilikuwa njema. Mimi ni karani wako wa klaringi, kazi ya kutoa mizigo ya wateja bandarini, yule wa meza ya karibu na choo, mwaka wa kumi na moja huu niko kwako. Naandika mbele za watu kwa sababu barua pepe tatu nilizokutumia zimejibiwa na mashine, eti tiketi yako imepokelewa.

Alhamisi iliyopita sistimu yako mpya ililala saa tatu asubuhi ikaamka saa kumi jioni. Karatasi za kontena la mitumba la mteja wa Kongowea zimo humo kwenye klaudi, yaani kompyuta za mbali tunazozifikia kwa intaneti, nimeziingiza mwenyewe kwa mikono hii, lakini kuzitoa haiwezekani, dereva wa lori anapiga simu, mteja anapiga simu, siku za bure za kontena kukaa bandarini zinaisha usiku ule, na mimi nimekaa naangalia kiduara kinazunguka. Ijumaa storeji, ile ada ya kontena kuchelewa bandarini, ikaanza kuhesabu. Jumatatu nikaitwa nikaambiwa ni uzembe, nitakatwa kwa mshahara.

Uzembe wa nani, tajiri?

Tukumbushane kidogo. Ulituita mkutano, ukatununulia biriani (ilikuwa nzuri, sitasema uongo), ukasema karatasi sasa basi, tunahamia sistimu mpya ya klaudi, kazi itakuwa ya dakika mbili, mtanishukuru. Yule kijana wa IT akanyanyua mkono akaomba sistimu mpya iende sambamba na ya zamani miezi mitatu kwanza. Akakupa mfano wa benki ya TSB kule Uingereza, Aprili 2018 walihamisha wateja kwenda sistimu mpya kwa wikendi moja, hadi watu milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, mkubwa wa benki akaondoka Septemba ile ile, na 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Ukacheka, ukasema sisi si benki. Kweli, sisi si benki, benki ina pesa ya kulipa faini, sisi tuna mshahara wa karani.

Kijana akaachishwa kazi, tukaambiwa ni gharama. Seva, ile kompyuta iliyobeba sistimu ya zamani, ikazimwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ambayo kila mtu wa klaringi anajua hakiguswi kitu.

Ile seva ilikuwa na kelele, najua. Ilikaa chini ya ngazi na kifeni chake ikinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Lakini Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikachechemea Kenya hadi Tanzania, sisi tulikuwa tunatafuta faili na kuchapisha ankara kama kawaida, kwa sababu kila kitu kilikuwa mle ndani. Siku hizi waya ukiguswa tu, hata nambari ya simu ya mteja sina.

Nasikia tumenunuliwa leseni za watu watano na sisi tuko kumi na wanane, pengine ndio maana mtu wa akaunti akiingia mimi natupwa nje. Au ni intaneti ya ofisi. Au ni huyo jamaa aliyekuuzia, ambaye tangu alipwe simu yake haishiki. Kijana angetuambia.

Mimi natoka Likoni. Sasa napanda feri saa kumi na moja alfajiri, niwahi sistimu kabla wenzangu hawajaamka, na narudi watoto wamelala. Mke wangu ameniuliza huyo Klaudi ni nani mbona kila siku namtaja. Karo ya muhula huu bado, na hiyo karo ndio unataka kulipia storeji.

Nilikuwa nimepanga kuomba mengi, kijana arudishwe, tufundishwe hiyo sistimu vizuri maana tulifundishwa lisaa limoja tu, makato yasimamishwe. Basi acha, nimepunguza. Hata hilo la makato tutaongea. Iwashe seva tu, mpaka hiyo mpya ijue kutembea. Haijauzwa, juzi nilichungulia pale chini ya ngazi nikaiona, wameiwekea ndoo ya deki juu. Funguo anayo askari wa getini.

Iwashe tajiri.

Wako mtiifu, bado,
Karani wa meza ya karibu na choo