Wageni wa Ruai

Mhariri,

Msimu huu wa Oktoba na Novemba, mabwawa ya majitaka ya Ruai yana wageni: vitwitwi, ndege wadogo wa kando ya maji wanaozaliana Ulaya ya kaskazini na Siberia, waliokuja kukwepa baridi. Jumamosi alasiri nilimtazama mmoja akidonoa topeni, mkia ukichezacheza, miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Harufu? Utazoea. Ndege hufuata wadudu, na pale wamejaa tele.

Bwawa la Nairobi Dam, lililojengwa 1953, nalo lingewapokea lau lisingefunikwa na gugumaji. Watu waliendesha mashua za tanga pale, amini usiamini! Lakini kung’oa gugumaji pekee ni kazi bure, maana hustawishwa na majitaka yanayoingia humo. Hayo ndiyo yazuiwe kwanza.

Msomaji,
Embakasi, Nairobi