Vile vijiti vya plastiki mnavyovitupa Darajani si takataka

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa kifuani tokea Jumamosi.

Nilipita kwa wauza vitu vya used Darajani, vile vinavyoshuka na makontena kutoka Ulaya, nikaliona boksi la modeli ya Dakota, ile ndege ya zamani, ya plastiki ya kujenga mwenyewe, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege ya kweli, boksi la zamani lenye picha ya kuchora ubavuni. Moyo ulinidunda. Nikalifungua, ndani mna vikombe vya chai. Nikamuuliza kijana, mwanangu, vya ndani viko wapi? Akanambia, "Mzee wangu mlikuwa na vijiti vijiti tu na karatasi imeshakuwa manjano, nimevitupa, boksi nimetilia vikombe visivunjike." Sikumgombeza, hajui. Tukaenda nyuma ya meza tukapekua mfuko wa taka yeye na mie, nikapata mabawa yote mawili, nusu ya kiwiliwili, mashine moja, na karatasi ya maelekezo imerowa chai. Nusu ya pili ya kiwiliwili hatukuiona.

Sasa ndio naandika, kwa wauzaji wa Darajani na Mwanakwerekwe na kwa kila mtu anayeletewa boksi na ndugu yake aliyeko nje. Msivitupe vile vijiti jamani!

Vile vijiti ndio kitu chenyewe. Kiwandani plastiki inayeyushwa inasukumwa ndani ya kalibu ya chuma, ikipoa kila kipande kinatoka kimeshikana na kijiti chake na kina namba, na namba hiyo ndiyo inayosomwa kwenye karatasi. Ukitupa karatasi mjenzi anabaki kubahatisha, ukikata vipande ukavichanganya kwenye mfuko hapo hata mwenye uzoefu atakaa wiki nzima anapanga tu. Na hata kijiti kilichobaki tupu kina kazi, unakipitisha juu ya mshumaa, kikilegea unakivuta taratibu kinakuwa uzi mwembamba kama unywele, huo ndio waya wa redio wa ndege. Au unakikatakata ukakiloweka kwenye gundi kinakuwa uji wa kuzibia nyufa, maana modeli za zamani nyufa hazikosi, kalibu zilichakaa na plastiki imevuja pembeni, lazima ukwangue kwa wembe halafu upige msasa wa maji. Kipande kikipotea unakichonga mwenyewe, mie nimeshachonga magurudumu kutoka vile vijiko vigumu vya plastiki vinavyovunjika kwa mlio, vingi ni plastiki ile ile na gundi inavikamata.

Na gundi yenyewe ya kazi hii haibandiki kama supa gluu, inayeyusha plastiki pande mbili zikaingiana zikawa kitu kimoja, kama fundi anavyounga chuma. Supa gluu msitie karibu na kioo cha rubani, inatoa moshi kioo kinaingia ukungu. Na vanishi musipake mvua za masika zikiwa zimekaza, unyevu unaifanya iwe nyeupe, nimeshaharibu modeli moja ya deraya hivyo na ilinichukua miezi miwili kuijenga.

Zile stika za maji zenye nembo ndio zinazotupwa mwanzo kwa sababu zimekuwa manjano. Jamani, zitieni kwenye mfuko wa nailoni mzibandike kwenye kioo cha dirisha, jua lipige siku kadhaa, umanjano unapungua wenyewe na jua sisi tunalo la kutosha. Zikiwa zina nyufa zipakwe vanishi kwanza kabla ya kutiwa maji. Kitu kimoja tu ndio nawaomba mkitenganishe mapema, minyororo ya vifaru ile laini kama mpira, isiachwe imegusana na magurudumu ndani ya boksi, ikikaa miaka inaitafuna plastiki ngumu, unafungua unakuta imeyeyukia ndani.

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliandika humu kwamba vifaru na ndege za vita vinawafunza watoto kupenda vita. Namheshimu na nimefahamu nia yake, lakini mie naona vyengine. Mpwa wangu yuko skuli darasa la sita, alijenga Spitfire, ndege ya vita ya Kiingereza, ambayo modeli yake kampuni ya Airfix ya Uingereza walianza kuiuza miaka ya 1950. Mtoto hesabu alikuwa hazipendi. Nikamwambia ndege ya kweli mabawa yake yalikuwa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, gawa kwa 72 upime hii yako. Akapata sentimita 15.6, akapima kwa rula, ikawa ndiyo, akakimbia kumuonesha mama yake! Baadae akataka kujua kwa nini modeli za vifaru ni 1/35 na si namba nyepesi kama 1/30 au 1/40, nikamhadithia Tamiya wa Shizuoka, Japani, kampuni ya modeli iliyoanza 1946 kwa biashara ya mbao, walipotengeneza modeli ya kifaru cha Panther walitaka kitembee chenyewe kwa hiyo ukubwa wake ukafuata mota na betri zilizotakiwa kuingia ndani, walipokuja kupima ikatoka karibu 1/35, na dunia nzima ikafuata.

Halafu akaniuliza, ami, rubani akipigwa anatokaje? Hilo si swali la mtoto anayependa vita. Nikampeleka Forodhani, nikamuonesha bahari, nikamwambia hapa tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga, haikutimia saa moja, na meli ya Sultani ikiitwa Glasgow ikazama. Tarehe 20 Septemba 1914 ikaja manowari Königsberg ya Wajerumani alfajiri ikaipiga Pegasus ya Waingereza imetia nanga hapa hapa inatengenezwa mashine, na kuna mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikajificha delta ya Rufiji mpaka Julai 1915, na waliowaelekeza Waingereza mizinga yao ianguke wapi walikuwa marubani walioruka kutoka Mafia kwa ndege zilizovikwa kitambaa. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza wale mabaharia walikuwa na umri gani.

Narudi kwa Dakota yangu. Ndege hizi zilijengwa zaidi ya 10,000, zilibeba askari Normandy mwaka 1944 na zilibeba chakula Berlin 1948, lakini mie siitaki iwe ya kijeshi. East African Airways walikuwa nazo, na babu yangu alipanda moja kutoka kiwanja cha ndege cha Kisauni hapa Unguja kwenda Dar es Salaam, akituhadithia mpaka anakufa jinsi ndege ilivyokaa mkia chini ukaingia ukawa unapanda mlima kwenda kwenye kiti. Nataka kuijenga kama ile aliyopanda yeye. Ikimalizika mabawa yatakuwa kama sentimita 40, nimeshaisafishia nafasi juu ya kabati.

Basi kama yupo aliyenunua kitu pale Darajani wiki hizi akakuta ndani nusu ya kiwiliwili cha ndege, upande wa kushoto, ule wenye mlango mkubwa, naomba amuachie yule kijana wa vikombe, ameshaniahidi atanitunzia. Na wazee wenye picha za kiwanja cha Kisauni za miaka ya 1950 na 1960, hasa za rangi, ziwe hata zimefifia, naomba mhariri azichapishe, nataka kuona ule mstari wa rangi ubavuni mwa ndege ulipita juu ya madirisha au chini yake.

Ni mie msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja