Malalamiko Kuhusu Silikoni Iliyopitwa na Muda na Dharau Niliyotendewa Kwenye Kaunta Yenu

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri vya Magari,
Mombasa.

Bwana Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata dukani kwenu Jumatatu iliyopita. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua, kwani ninyi ndio mlioyabandika ukutani, basi sitayarudia.

Nilinunua kwenu boliti mpya na mirija minne ya silikoni ya kuzibia hewa ili nifunge upya, uani kwangu Tudor, rimu zangu nne za vipande vitatu, yaani uso wa kati, pipa la ndani na mdomo wa nje, vilivyoshikanishwa kwa boliti. Kazi hii sikuibahatisha. Nilikwangua silikoni ya zamani mpaka alumini ikabaki tupu, nikaifuta kwa spiriti, nikakaza boliti 40 za kila rimu kwa kukingamisha, moja upande huu na nyingine upande wa pili, kwa awamu tatu na kwa spana ya kipimo. Kisha nikapaka silikoni kwenye mshono wa ndani, pale pipa linapokutana na mdomo wa rimu, kwa maana hapo ndipo hewa hutorokea, nikailaza kwa kidole na kuziacha rimu saa 24 kabla ya kuzivika tairi. Juu ilikuwa imeshika ngozi, nami nikaridhika. Jioni nilijaza presha 32. Asubuhi nikakuta 11. Nilipomwagia maji ya sabuni, mapovu yalichemka katikati ya boliti, na tairi zilipovuliwa, silikoni chini ya ile ngozi ilikuwa inanata kama ulimbo. Silikoni ya aina hii hukazwa na unyevu wa hewani, na unyevu Mombasa haujawahi kuadimika hata siku moja.

Ndipo niliporudi kwenu. Kijana wenu wa kaunta hakuitazama hata stakabadhi. Aliinua rimu yangu, akacheka, akasema mbele ya wateja: "Mama, hii si sufuria, uzibe kwa unga. Peleka kwa fundi."

Jioni hiyo hiyo nilibandua kibandiko chenu cha bei kwenye mrija niliokwisha kuutumia. Chini yake palikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo ilikuwa imepita kwa miezi 14. Nikabandua cha mrija wa pili: tarehe ni ile ile. Kibandiko hakikuangukia hapo kwa upepo, Bwana Meneja.

Naomba, kwa hiyo, nirudishiwe bei ya mirija yote minne pamoja na gharama ya kuvika na kuvua tairi nne, ndani ya siku 14.

Lakini sijamaliza na ile kaunta. Ilikuwa saa tano asubuhi, duka limejaa, nami nimeibeba rimu mwenyewe kutoka kwenye gari huku mwanangu wa miaka kumi na mmoja akinishikia mfuko wa boliti. Kijana wenu alimhudumia kwanza mwanamume aliyekuwa nyuma yangu. Zamu yangu ilipofika, hakuniuliza nilifunga vipi, wala nilingoja saa ngapi. Aliitia ukucha silikoni, akawaonyesha waliokuwepo, ndipo akasema maneno yale ya sufuria na unga. Watu wakacheka. Msimamizi wenu, ambaye hakuwa mbali hata hatua mbili, aliendelea kuhesabu noti. Njiani mwanangu aliniuliza kwa nini sikumjibu, nami mpaka leo sijapata la kumwambia.

Tena nimesahau kutaja kwamba siku niliponunua, kijana huyo huyo ndiye aliyeniteulia mirija hiyo kutoka rafu ya nyuma, akaniapia kuwa ni mzigo mpya.

Kwa kuwa nimelazimika kuyakumbuka haya yote ili kuyaandika, siku 14 nilizozitaja ni nyingi mno: nawapa 7. Mbali na fedha, nataka barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na wewe mwenyewe, wala si kijana wala msimamizi, na nataka silikoni hiyo iondolewe rafuni kabla mtu mwingine hajaishiwa upepo tairini akiwa juu ya Daraja la Nyali. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila kumlazimu mdai kuajiri wakili. Langu ni dogo kuliko hapo, na muda ninao.

Mirija miwili iliyobaki sijaifungua. Vibandiko vyenu vingali juu yake, na siku 7 zikipita nitavibandua mbele ya hakimu.

Wako,
Mteja wenu,
Tudor, Mombasa.