Kwa kina mama wa mwaloni: wiki ya mbalamwezi iwe ya kupimwa

Kwenu wanangu na wadogo zangu mnaoanika dagaa na kubanika migebuka kwenye mialo ya Kigoma, Kibirizi hadi Katonga,

Poleni na kazi. Nawaandikia nyote kwa mpigo kwa sababu nikimshika mmoja mmoja ananijibu "sawa bibi, nitaenda," kisha haendi.

Nasikia kikao kijacho mtaujadili mfuko wa jamii. Hapo ndipo penye neno langu. Mfuko ule umenunua sanda, umekodi gari la kusafirisha maiti, umepeleka mchele na sukari matangani. Sijasikia umempa nauli mwanamke asiyeumwa aende kupimwa. Naomba ufanye hivyo, na mwende wiki ya mbalamwezi.

Kwa nini wiki hiyo? Kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala nchi kavu, nanyi mnabaki mnasukana nywele na kudaiana. Kwa hiyo msiniambie hamna nafasi. Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, mikono ilikuwa mitupu miezi mitatu, na bado wengi wenu mlirudi mwaloni hamjapimwa hata presha.

Nianze na mlango wa kizazi, maana huko ndiko tunakopoteza watu. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, kinachopita katika kujamiiana. Karibu kila mwanamke aliyeolewa atakutana nacho, kwa hiyo asitokee mtu wa kumwita mwenzake malaya. Miili mingi inakishinda yenyewe. Kikikaa, kinaubadilisha mlango wa kizazi polepole, mara nyingi miaka 10 hadi 20, ndipo saratani ije. Miaka yote hiyo hakuna maumivu. Mnapong'ang'ania "mimi siumwi popote," mnataja kipindi kile kile ambacho tatizo linaondolewa kirahisi. Wingu likijikusanya upande wa Kongo mnakimbilia dagaa kabla tone halijaanguka. Sielewi kwa nini miili yenu mnaingojea mpaka ilowe.

Kipimo chenyewe mnakiogopa bure. Unalala kitandani, muuguzi anaingiza kifaa cha kufungulia njia, anamulika taa, anapaka siki iliyozimuliwa kwa pamba, anangoja kama dakika moja. Palipoanza kubadilika panageuka peupe. Pakionekana hivyo, mara nyingi panagandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa joto, pengine siku hiyo hiyo, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Siki inawasha kidogo, sidanganyi. Ni kwa wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze wakiwa na 25, wao hatari yao ni kama mara sita ya wengine. Ukikuta saratani imeshaenea, safari ni hospitali ya Bugando kule Mwanza au ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na watoto umewaachia jirani.

Aibu? Mficha uchi hazai, na wengi wenu mmeshazaa mbele ya watu. Somo, kungwi wenu, aliwafunda jinsi ya kumtunza mume, akasahau kuwafunda jinsi ya kujitunza wenyewe. Na mume anayeuliza umefuata nini huko, mleteni kwangu.

Mabinti zenu wana bahati ambayo sisi hatukuipata. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiharibu kizazi. Inakizuia kirusi, basi. Anayewaambia vinginevyo mwulizeni alisomea wapi. Na binti anayezimia kwa maumivu ya hedhi asiambiwe "utazoea ukizaa", apelekwe akaonwe.

Wenye mimba nitasema machache, nyimbo zenu nazijua. Mnaficha mimba hadi itokeze, mkiogopa jicho la watu. Kliniki ya kwanza iwe kabla ya wiki 12, mpimwe damu na presha, baadaye mpewe dawa ya kinga ya malaria kwa wakati wake, na mlale ndani ya chandarua, Kigoma yetu hii ina mbu. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, hiyo si uchovu wa jua. Ni hospitali siku hiyo hiyo, iwe usiku au mchana, hata kama boti inabidi ikodiwe. Ukishajifungua, mwili uupe angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine.

Matiti myajue kwa mikono yenu, hedhi ikishaisha. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu inayotoa damu: msingoje kwanza iume.

Sasa wenzangu tuliokwishavuka. Joto la ghafla usiku si kulogwa, ni hedhi inaaga. Lakini mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila damu, halafu akaona hata tone, aende akapimwe haraka. Asiseme ujana umerudi. Presha mara nyingi haina dalili, inapimwa. Nanyi mnaobanika migebuka kutwa, moshi ule unakula mapafu: kaeni upande upepo unakotokea na banda liachwe wazi. Na jambo moja linaniudhi: dagaa wazuri mnawafungia magunia yaende Dar, nyumbani mnakula ugali na mchicha. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ndiye anayetunza mifupa yenu. Wekeni sahani moja ya kwenu kabla gunia halijashonwa.

Kwa hiyo mweka hazina aliandike kwenye kitabu: nauli ya bodaboda kwa wanaokwenda kupimwa, kwa zamu, wachache kila mbalamwezi, wenye miaka 30 na kuendelea watangulie. Waliobaki walinde watoto na vichanja. Katika vituo vya serikali kipimo cha mlango wa kizazi mara nyingi hakilipiwi, ila ulizeni kabla ya kuondoka nyumbani ili msirudi na visingizio.

Zamu ya kwanza nitaongozana nayo mwenyewe. Nitakuwa kwenye benchi la mapokezi saa mbili asubuhi. Vaeni gauni au kanga. Suruali za kubana zinachelewesha foleni.

Ni mimi bibi yenu wa Ujiji,
mkunga mstaafu