Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Gunia lililouzwa si lazima liwe ziada

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia sasa, kabla wadadisi wa utafiti wa mavuno na upotevu wa nafaka hawajatawanyika vijijini, kwa sababu dodoso likishachapwa hakuna tena wa kuligusa. Nimewahi kuifanya kazi hiyo. Swali la mauzo huwekwa ukurasa mmoja na swali la upotevu ukurasa mwingine kabisa, utadhani hayajuani. Ombi langu ni kwamba yaulizwe pamoja, kwa kaya ileile, zaidi ya mara moja katika msimu.

Chukua kaya iliyovuna magunia kumi ya mahindi, ikauza manne mara tu baada ya kupukuchua. Ofisini itaandikwa kuwa ina ziada ya magunia manne. Irudie miezi sita baadaye, huenda ukaikuta inanunua mahindi, tena kwa bei iliyopanda. Ziada hiyo ilikuwa wapi? Manne yale yaliuzwa kwa sababu deni la mbolea lilikuwa linadaiwa, karo ilikuwa imefika, na kwa sababu moja zaidi ambayo ni nadra kuiona kwenye madodoso: mwenye nafaka alimwogopa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Asiye na uhakika kwamba mahindi yatafika mwezi wa nane yakiwa mazima huyauza yangali mazima. Hapo hakuna punje iliyoliwa, hivyo akiulizwa alipoteza kiasi gani atajibu kwa haki kabisa: kidogo tu. Hasara yake imo katika tofauti kati ya bei aliyouzia na bei anayonunulia. Wizara ikisoma jedwali itaona kaya yenye ziada kubwa na upotevu mdogo, itaamua kwamba haihitaji msaada wa hifadhi, ilhali ndiyo inayouhitaji kuliko nyingi. Jumlisha kaya za namna hiyo nchi nzima, kisha utoe vibali vya kuuza nafaka nje kwa kutegemea jumla hiyo!

Kwa hiyo, kila panapoandikwa gunia lililouzwa, paandikwe pia liliuzwa mwezi gani na kwa nini, na kama kaya ilinunua nafaka baadaye. Maswali matatu tu, lakini yanabadilisha jedwali zima.

Kuhusu upotevu wenyewe, swali la "ulipoteza asilimia ngapi?" lifutwe. Mkulima hahesabu kwa asilimia. Anahesabu kwa debe na gunia, na hata gunia lenyewe lazima lipimwe, maana la lumbesa na lililofungwa mdomoni si kitu kimoja. Aulizwe hatua kwa hatua: shambani, kuanika, kupukuchua, kusafirisha, ghalani. Pale ghalani mdadisi achote sampuli, atenge punje zilizotobolewa na zilizo nzima, azihesabu, apime kila fungu. Punje yenye tundu haijapotea yote, na anayehesabu matundu peke yake hukuza hasara. Upande wa pili, punje iliyogeuka unga haihesabiki tena, na hapo hasara hupunguzwa.

Kuna kosa jingine ambalo limeharibu takwimu nyingi kuliko dumuzi alivyoharibu mahindi (nachokoza kidogo). Sampuli ya mwezi wa sita ikionyesha uzito umepungua kwa asilimia 20, ripoti huandika kwamba kaya imepoteza asilimia 20 ya mavuno. Lakini kama magunia yaliyobaki ni mawili kati ya kumi, kilichopotea katika fungu hilo ni sehemu nne tu kati ya mia za mavuno yote. Mengine yameshaliwa au kuuzwa yakiwa bado mazuri. Ndiyo maana ziara moja haitoshi. Bila kujua nafaka ilivyokuwa inatoka ghalani mwezi hadi mwezi, namba ya upotevu haina maana.

Najua utaambiwa fedha hazitoshi. Basi zipunguzwe kaya, ziongezwe ziara. Na pengo lisizibwe kwa wastani wa kuazima. Makadirio ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2019, kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani kwa thamani hupotea kati ya mavuno na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja, yanachanganya nafaka na matunda, mboga na nyama. Hayasemi lolote kuhusu ghala la kaya moja. Sumukuvu nayo, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haipatikani kwa kuuliza. Mahindi yanaweza kuonekana safi machoni nayo imo, kwa hiyo sampuli chache ziende maabara.

Ahojiwe anayechota. Katika kaya nyingi mkuu wa kaya anajua magunia yaliyoingia, ila mwanamke anayepika ndiye anayejua yaliyobaki, na ndiye aliyepeta vumbi akalimwaga.

La mwisho, mdadisi asiingie uani akiongozana na anayekusanya ushuru wa mazao. Mkulima akiwaona pamoja atataja nusu ya mavuno. Na akidhani ni orodha ya chakula cha msaada, atazidisha upotevu. Ajieleze mapema ametumwa na nani na majibu yataishia wapi, kisha ndipo afungue dodoso.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Aliyekuwa mdadisi wa mazao