Kuhusu qi na seli za saratani

Beijing, 9 Novemba

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa Shangazi, ambaye ninamwombea kila siku. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unapoeleza habari za yule bwana anayedai kuwa akielekeza viganja vyake kwa mgonjwa, qi yake, yaani ile nguvu ya uhai ambayo Wachina wa jadi huamini imo mwilini, huua seli za saratani na kuziacha zilizo nzima.

Dai hilo halikuzuka hewani. Mwaka 2006 Yan Xin, bingwa mashuhuri wa qigong, sanaa ya Kichina ya kuiongoza qi kwa pumzi, mwendo na fikra, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la kisayansi kwamba qi yake iliua seli za saratani ya kongosho zilizooteshwa maabara. Lakini angalia, Salma: mwenye kupimwa ndiye aliyekuwa miongoni mwa wapimaji. Ninaamini zaidi kazi ya watafiti wa San Francisco, iliyochapishwa mwaka 2004, ingawa wao walitumia seli za ubongo zisizo na saratani. Majaribio 28 yalionyesha kwamba seli zilizoelekezewa qi ziliongezeka kuliko nyingine. Waliporudia kwa majaribio zaidi ya 60, tofauti ile haikuonekana tena. Hata hivyo walichapisha yote, jambo ambalo nawapongeza. Tena seli iliyo katika kisahani cha maabara haina damu, ini wala kinga ya mwili, kwa hiyo hata ingekufa pale, Shangazi asingekuwa amepona.

Qigong ya mazoezi ni habari nyingine. Guo Lin, mchoraji aliyeugua saratani ya kizazi na kupasuliwa mara kadhaa, alifundisha katika bustani za hapa Beijing, kuanzia miaka ya 1970, mwendo wa polepole ambao mtu huvuta pumzi mara mbili puani na kuitoa mara moja. Utafiti wa Sydney uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 162, ulionyesha kuwa waliofanya qigong pamoja na matibabu yao ya kawaida walipungukiwa na uchovu na kuishi kwa nafuu zaidi. Haukuonyesha kwamba uvimbe uliyeyuka.

Basi Shangazi na atembee asubuhi, daktari wake akiridhia, lakini asikose hata siku moja ya tibakemia kwa ajili ya viganja vya mtu. Na fedha alizoomba yule bwana, tafadhali ziwekeni kwa nauli ya hospitali.

Wako akupendaye,
Rehema